Hatukuhujumiwa: Maneno Niliyowaambia Makatibu wa Matawi



Nimepewa dakika kumi nizungumzie utunzaji wa kumbukumbu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Ile laptopu ya ofisi ya kata mnaijua. Ni ya zamani: RAM GB 4, prosesa ya Intel ya kizazi cha 5, betri ilishakufa, bila waya haiwaki. Humo ndimo lilimo daftari la wanachama wa matawi yote, risiti za michango, na picha za fomu za matokeo walizotuletea mawakala wetu. Nakala nyingine? Haikuwepo.

Sasa, Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Nikasema, ofisi kama yetu haiwezi kulala mlango wazi. Wazo zuri, utekelezaji wa hovyo. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa Intel, kwa kawaida, kizazi cha 8 kwenda mbele. Mashine yetu haina sifa. Mimi nikatafuta njia ya mkato ya kuruka ukaguzi, nikaanza saa mbili usiku, diski imejaa karibu yote. Saa nne kioo kikawa cheusi. Inawaka, inazunguka, inazima, inawaka tena.

Asubuhi kwenye grupu mtu akaandika: "Tumehujumiwa!" Wengine wakadakia. Jamani, ilikuwa rahisi kunyamaza. Nikaandika: hapana, ni mimi.

Nisikilizeni sasa nilivyojinasua, maana yanaweza kumkuta yeyote hapa.

Kwanza, niliacha kubonyezabonyeza, na sikukimbilia kwa fundi wa "tupige Windows upya". Kupiga upya kunaweza kufuta kila kitu. Okoa mafaili kwanza, mashine baadaye.

Pili, kwa kompyuta ya jirani nilipakua Linux Mint, nikaiweka kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus. Flashi iwe haina kitu unachokihitaji, maana kilichomo hufutwa. Nikaichomeka kwenye mgonjwa wetu, nikawasha huku nabonyeza F12. Mashine nyingine ni F9 au Esc. Linux Mint inakubali kufanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Nikafungua diski: daftari lipo! Nikanakili kila kitu kwenye diski ya nje. Ila diski yako ikiwa imefungwa kwa BitLocker, utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Uutafute leo, si siku ya msiba.

Tatu, ndipo nikarudi kwenye Windows. Ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, hufungua yenyewe ukurasa wa marekebisho. Nikachagua kurudi toleo la awali. Mfumo wa zamani kwa kawaida hutunzwa siku 10 tu baada ya kupandisha toleo, kwa hiyo usichelewe. Ikarudi Windows 10.

Hatukuishia hapo, maana mlango ulikuwa bado wazi. Tulipohakikisha nakala mbili zinafunguka, tuliweka Linux Mint moja kwa moja. Inapokea matengenezo ya usalama, na RAM yetu inaitosha. Daftari linafunguka kwa LibreOffice, bila kulipia leseni.

Ndugu zangu, kila uchaguzi tunadai wakala apewe nakala ya fomu ya matokeo. Tunajua karatasi moja mkononi mwa mtu mmoja si ushahidi wa kutegemea. Halafu jasho la mawakala wale wale tukaliweka kwenye laptopu moja isiyo na betri! Tungemdai nani siku ile?

Kwa hiyo naomba Jumamosi kila katibu aje na flashi mbili. Tutaziwekea nywila, kwa sababu majina ya wanachama si ya kuzagaa. Moja ibaki ofisini, nyingine akae nayo mtunza hazina, na kila mwisho wa mwezi tuzifungue zote mbili tuone kama zinasoma.

Na kitu kikiharibika, tuseme ukweli kabla ya kutafuta adui.