Hukumu ya Michoro ya Mwilini na Haki ya Aliyekwisha Kuchorwa

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu akampa umbo lililo bora na akamkabidhi mwili wake uwe amana. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake, na kila aliyeshika mwendo wao hadi Siku ya Malipo.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, naiusia kwanza nafsi yangu, kisha nakuusieni nyinyi, tumche Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Amma baad. Ndugu Waislamu mnaotusikiliza majumbani, na nyinyi wanafunzi wa vyuo na madrasa, jambo la leo limeletwa na swali la kijana mmoja wa Ilagala, pale mto Malagarasi unapokaribia kuingia Ziwa Tanganyika. Kijana huyu ni mvuvi wa dagaa, katika wale watokao na taa usiku wa kiza na kurudi alfajiri. Alinijia baada ya sala ya Isha, akaniamkia, kisha akapandisha mkono wa shati. Juu ya mkono wake wa kulia palikuwa na mchoro wa rangi aliochorwa mjini kwa sindano. Akasema: "Shehe, tangu uliposoma hadithi ya laana, wazee wameniambia udhu wangu haupiti, sala yangu haikubaliwi, na nikifa sitaoshwa wala kusaliwa. Basi nimeacha kuja msikitini. Je, ni kweli?"

Ndugu zangu, swali lile lilinichoma, kwa kuwa aliyeisoma hadithi ile mimbarini nilikuwa ni mimi. Niliisoma, nikashuka, wala sikuyakamilisha mafunzo yake. Leo nataka kuyakamilisha.

Hukumu yenyewe haina shaka. Katika Sahihi ya Bukhari na Sahihi ya Muslim imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimlaani mwenye kuchora mwili na mwenye kutaka achorwe. Jambo hilo kwa Kiarabu huitwa washm, nalo ni kudunga ngozi kwa sindano mpaka itoke damu, kisha kupatia wanja au nili ili pabaki alama isiyofutika. Wanachuoni wameliunganisha na aya ya 119 ya Sura An-Nisaa, inayoeleza ahadi ya Shetani kwamba atawaamrisha watu waubadili uumbaji wa Mungu. Basi asidanganyike kijana kwa kuona wacheza mpira na waimbaji wamejaa michoro shingoni na mikononi. Wingi wa watendao haugeuzi haramu kuwa halali.

Ama hina ambayo mama zetu na dada zetu hujipamba kwayo haimo katika katazo hili, kwani hukaa juu ya ngozi na baada ya siku kadhaa hutoka. Wala asichanganye mtu chanjo ya hospitali na chale, ati kwa kuwa neno ni moja la kuchanja. Chanjo ni kinga dhidi ya maradhi, na kupiga chuku ni tiba ambayo Mtume mwenyewe aliitumia.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Je, udhu wake unapita? Naam, unapita. Rangi ya mchoro iko chini ya ngozi, nayo haiyazuii maji kufika juu ya ngozi kama izuiavyo nta au rangi ya kupaka yenye utando. Ama kuhusu tohara ya mahali penyewe, Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, ameeleza kwamba pana najisi kwa sababu ya damu iliyochanganyika na rangi. Ikiwa mchoro waweza kuondolewa bila madhara, ni wajibu uondolewe. Lakini ikihofiwa kupotea kiungo au manufaa yake, au kubaki ubaya mkubwa katika kiungo kinachoonekana, si wajibu kuuondoa. Akitubu, hana dhambi tena. Kwa hiyo asithubutu mtu kujikwangua kwa wembe au kujichoma kwa moto au tindikali, akidhani anajitoharisha. Huko ni kuongeza madhara juu ya madhara.

Na je, akifa hataoshwa wala kusaliwa? Hilo ni neno lisilo na msingi. Kuchora mwili ni dhambi, wala si ukafiri. Muislamu akifa, akiwa na mchoro au hana, ana haki juu yetu ya kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Atakayeizuia haki hiyo ndiye atakayeulizwa.

Ndugu wasikilizaji, tazameni pia kwamba si kila mwenye alama alijichagulia. Wako miongoni mwetu wazee wenye nembo usoni, waliochanjwa utotoni kwa desturi za makabila yao, kabla hawajajua kheri na shari. Kusini mwa nchi yetu mila ya nembo ilijulikana sana kwa Wamakonde, na ng'ambo ya ziwa letu, katika Kongo, makabila mengi yalikuwa nayo. Wengine walikuja kwetu wakiwa nazo, wakiikimbia vita ya mwaka 1996. Mtoto hana hukumu mpaka abaleghe, na wanachuoni wamesema kwamba dhambi ni ya aliyemchora. Na aliyesilimu akiwa na alama, Uislamu hufuta yaliyotangulia. Fikirini pia mambo ya ulimwengu: katika vita kuu vya pili, wafungwa wa kambi ya Auschwitz walichorwa namba mikononi kwa nguvu, wakahesabiwa kama mifugo. Nani mwenye akili atasema aibu ile ni ya aliyechorwa? Basi mjukuu asimcheke bibi yake kwa nembo zake, wala asimwambie kuwa amelaaniwa.

Sasa naomba ruhusa niseme na wazee wenzangu. Katika hadithi hiyo hiyo mna kisa. Sahaba Abdullah bin Mas'ud (R.A.) aliposema habari ya laana, alijiwa na mwanamke mmoja wa Bani Asad, aitwaye Ummu Yaaqub. Akamwambia kwamba ameisoma Qurani yote wala hakuliona jambo hilo ndani yake. Ibn Mas'ud akamkumbusha aya ya 7 ya Sura Al-Hashr, inayotuamrisha kuyashika anayotupa Mtume na kuyaacha anayotukataza. Yule mwanamke akasema anadhani hata mke wa Ibn Mas'ud hutenda baadhi ya mambo hayo. Ibn Mas'ud hakukasirika. Alimwambia aingie ndani akatazame. Akaingia, asione kitu, na Ibn Mas'ud akaeleza kwamba lau ingekuwa hivyo asingekaa na mke huyo.

Enyi wazee wa mwambao wa ziwa, ni wangapi kati yetu wawezao kumwambia mtu aingie ndani akatazame? Tunamnyoshea kidole kijana mwenye mchoro mkononi, nasi chini ya kanzu zetu mna chale za kifuani na mgongoni tulizochanjwa na waganga, zikapakwa dawa, ili tupate samaki wengi, au tusirogwe, au biashara ya mawese itunyokee. Ni nani aliye katika hatari kubwa zaidi? Kijana alitaka kujipamba, akakosea. Lakini mwenye kuitegemea dawa ya chale imlinde badala ya Mola wake ameugusa mzizi wa tauhidi. Na ni wangapi wetu tuliowapeleka watoto wetu wachanga kwa mganga wachanjwe, wakilia, nasi tumewashika mikono?

Tena kuna madhara ya mwili. Wembe mmoja au sindano moja ikipita kwa mtu baada ya mtu yaweza kupitisha virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Hatari hiyo ni moja, kwa mchoraji wa mjini na kwa mganga wa kijijini. Mwenyezi Mungu ametukataza tusijitie katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe.

Kwenu nyinyi vijana nasema: mwili si ukuta wa kuandikwa kila upepo unaopita. Jina la mpenzi utakalolichora leo, huenda kesho likawa jina la mtu msiyesemezana. Aliyekwisha kuchorwa atubu kwa masharti yake matatu: aache, ajute, aazimie kutorudia. Kisha arudi katika safu, asimame na wenzake bega kwa bega.

Kwenu wazazi nasema: kijana akirudi nyumbani na mchoro, msimfukuze. Mkimfukuza, atakwenda kwa hao waliomchora. Mwelezeni hukumu kwa upole, na mlango muuache wazi.

Na kwetu sisi tunaopanda mimbari, tusiisome laana tukauficha mlango wa toba. Kuna hadithi katika Sahihi ya Muslim yenye maana kwamba Mungu hatazami sura zetu wala mali zetu, bali hutazama nyoyo zetu na matendo yetu. Nayo Sura Al-Hujurat, katika aya ya 11, imetukataza kudharauliana, maana huenda anayedharauliwa ni bora kuliko anayedharau.

Ndugu zangu, nilimwomba radhi kijana yule, naye akanisamehe. Amerudi msikitini. Lakini hukaa safu ya mwisho karibu na mlango, na mkono wa kanzu ameuvuta hadi vidoleni. Mimi nimekwisha kusema naye. Yaliyobaki ni juu ya walio katika safu za mbele. Ijumaa ijayo nafasi ikiwapo, na wamwite asogee.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyatenda kwa ujinga na tuliyoyatenda kwa kujua. Itakase miili yetu na nyoyo zetu. Walinde vijana wetu walioko ziniani usiku, uwarudishe salama kwa mama zao. Utujaalie tuwe wenye kuwarudisha waja wako kwako, wala usitujaalie kuwa wenye kuwafukuza mlangoni pako. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.