Hotuba juu ya Kitabu cha Tippu Tip

(Ilisomwa na mmoja wa makarani mbele ya wanachama waliokusanyika Masukulu)



Bwana Katibu aliponitaka nichague kitabu kimoja na kukieleza mbele yenu, bila shaka alitazamia kuwa nitachagua kitabu cha kutuongeza maarifa ya kazi, kama vile cha hesabu au cha kuandika barua. Badala yake nimechagua kitabu cha mtu ambaye hakupata kufanya mtihani wa ukarani, wala hakutetemeka kwa barua ya mkubwa yeyote. Mtu huyo ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye nchi za Bara zilimjua kwa jina la Tippu Tip. Nina sababu mbili za kumchagua. Ya kwanza ni kwamba kitabu chake kiliandikwa kwa Kiswahili tangu asili, nacho chatufundisha jinsi tamaa ya ukubwa inavyoweza kumwongoza mtu mwenye akili hata akatenda maovu bila kuyaita maovu. Ya pili nitaieleza mwishoni, maana yanihusu mimi mwenyewe.

Kwanza niseme jinsi kitabu kilivyopatikana. Tippu Tip alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Alipokuwa mzee, amekwisha kuacha safari, Mjerumani mmoja jina lake Dokta Heinrich Brode alimsihi aandike habari za maisha yake. Mzee akakubali, akaziandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Brode akazigeuza kwa herufi za Kizungu, zikapigwa chapa Berlin katika miaka ya 1902 na 1903. Mwenyewe alifariki Unguja mwezi wa Juni 1905. Baadaye, katika miaka ya 1958 na 1959, Bwana W. H. Whiteley alizitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Basi atakayekisoma kitabu hiki na akumbuke jambo moja: hakikuandikwa na hakimu, wala na shahidi, bali na mwenye kesi mwenyewe.

Sasa tutazame kazi yake. Alianza ujanani kwa biashara ndogo ndogo, kisha akaenda Unyamwezi na baba yake, na halafu akaanza safari zake mwenyewe. Nataka mwelewe biashara ile ilivyokwenda, maana ndipo mzizi wa jambo ulipo. Mfanyi biashara hakutoka pwani na mali yake. Alikopa nguo, shanga, bunduki na baruti kwa wenye fedha wa Unguja, kama vile Taria Topan, akaahidi kulipa kwa pembe. Wapagazi wakachukua mizigo mwendo wa miezi mingi. Pembe zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni kama ratili 35. Aliyerudi mikono mitupu alirudi kwenye deni, na aliyeogopa deni hakurudi, bali alizidi kwenda mbele. Kwa hiyo mahali pembe zilipouzwa, alinunua. Na mahali zilipokataliwa, bunduki zilikuwapo. Deni lilimsukuma kwa nyuma, na tamaa ikamvuta kwa mbele. Mtu aliye katikati ya mambo hayo mawili ni vigumu kusimama.

Katika mwaka 1867 alipigana na Nsama, mfalme wa Itabwa, upande wa kusini ya Ziwa Tanganyika. Nsama alikuwa na sifa ya kuwashinda wafanyi biashara waliomtangulia. Tippu Tip alijeruhiwa kwa mishale, lakini bunduki zake zikashinda, na ghala za Nsama zikawa zake. Dokta Livingstone alikuwa safarini pande zile zile mwaka ule, na vita hivyo vikamchelewesha. Ndipo jina lake lilipokuwa kubwa. Mwenyewe asema kwamba jina la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake, ijapokuwa wengine husema lilitokana na kupepesa kwake macho.

Lakini habari iliyonishika zaidi katika kitabu kizima haina mlio wa bunduki hata mmoja. Ni habari ya Utetera, katika nchi ambayo leo ni ya Kongo, nayo ilitukia kabla ya mwaka 1874. Njiani Tippu Tip alipata kusikia kwamba mfalme wa Utetera, mzee Kasongo Rushie, alikuwa na dada zake wawili waliotekwa zamani katika vita na watu wa Urua, wala hawakuonekana tena. Msafiri mwingine angeisikia habari hiyo na kuisahau. Yeye aliiweka akiba. Alipofika kwa mzee yule alisema kwamba mmoja wa wanawake wale ndiye bibi yake mzaa mama, kwamba babu yake alimpata huko Urua, na kwamba kwa hiyo yeye Hamed ni mjukuu aliyerudi nyumbani. Mzee Kasongo, ambaye moyo wake ulikuwa umemlilia dada yake miaka mingi, alisadiki. Akamkumbatia, akamwachia ufalme, na watu wakaamriwa kumpelekea pembe.

Ndugu zangu, fikirini neno hili. Mtu yule hakuvunja ukuta wala kuchoma nyumba. Alitwaa nchi nzima kwa ukoo wa uongo. Tena ayasimulia hayo bila aibu, kama mtu anayesimulia ujanja wa sungura. Kwa upande wa maandishi nakiri kwamba ni mahali pazuri sana, maana msomaji hucheka kabla hajajua anamcheka nani. Kisha hukumbuka kuwa anamcheka mzee aliyekuwa akimlilia nduguye.

Hapo twafikia kasoro kubwa ya kitabu. Mwandishi hutaja pembe kwa hesabu, hutaja nguo, hutaja madeni, hutaja nani alimwazima nini. Lakini watu waliotekwa hupita katika maneno yake kama vumbi la safari. Hatuambiwi majina yao wala walikofia. Karani yeyote aliye hapa ajua kuwa daftari lisilo na uongo hata mmoja laweza kuwa daftari la uongo, ikiwa safu moja imeachwa wazi kwa makusudi.

Na safu hiyo sisi watu wa pande hizi twaweza kuijaza kidogo, maana biashara ile ilitufikia mlangoni. Ng'ambo ya Songwe, huko Karonga, alikaa Mlozi, ambaye hakuwa mtu wa Tippu Tip, lakini alikuwa wa kazi ile ile ya pembe na watumwa. Katika mwaka 1887 alijitangaza kuwa sultani wa nchi ya Wangonde, ambao ni ndugu zetu wa damu na wa lugha. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, Wangonde waliokimbilia katika matete ya wangwa wa Kambwe walizingirwa na ruga-ruga wake; matete yakatiwa moto, na waliokimbia moto wakakuta bunduki au mamba. Habari hizo ziliandikwa na Bwana Monteith Fotheringham, aliyekuwa huko kwa kazi ya kampuni ya biashara, katika kitabu kilichotoka mwaka 1891. Vita ikaendelea kwa vipindi mpaka Desemba 1895, Mlozi alipokamatwa na kunyongwa. Basi mkisoma katika kitabu cha Tippu Tip kwamba mahali fulani palipigwa vita na mali ikapatikana, tieni hapo matete ya Kambwe, ndipo mtakapokuwa mmesoma maneno yote.

Wengine watasema, na ni haki yao kusema, kwamba namhukumu mtu wa zamani kwa sheria ya leo. Watasema alikuwa mkarimu, kwamba aliwasaidia Livingstone, Cameron na Stanley, na kwamba hao wasafiri wenyewe walimsifu kwa adabu yake. Ni kweli. Nami sikatai kwamba wale waliomsifu walikuwa na hesabu zao. Kwa mfano, mwaka 1876 Stanley alifanya naye mapatano ya kumsindikiza kuufuata mto kuelekea kaskazini. Stanley aliandika katika kitabu chake kwamba fedha walizopatana zilikuwa riale 5,000. Tippu Tip aandika 7,000, na kulalamika kuwa hakutendewa haki. Vitabu viwili, mapatano mamoja, hesabu mbili! Hilo latufundisha tusisadiki kitabu kimoja peke yake, hata kikiwa na jalada zuri. Ama juu ya sheria ya zamani, Kasongo Rushie alikuwa mtu wa zamani vile vile, na Wangonde wa Kambwe walikuwa watu wa zamani. Lakini sidhani kama wao waliona jambo lile kuwa ni la haki. Tukisema desturi za wakati ule, na tuulize kwanza: desturi za nani?

Sasa nafika mahali panapotuhusu sisi watumishi wa Serikali hasa. Katika Februari 1887 Tippu Tip alikubali kuwa wali wa Stanley Falls, kwa mshahara wa pauni 30 kila mwezi, chini ya Serikali Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Yaani mtu huyu, Bwana Mwenyekiti, alikuwa mtumishi wa serikali kama sisi! Alipewa bendera ya kupandisha na amri ya kuzuia utekaji wa watumwa, naye akaendelea na biashara yake ya pembe. Aliyeshindwa kumzuia kwa nguvu aliona heri amlipe mshahara. Na yule mwenye kulipa je? Serikali ile ilipata kutambuliwa mwaka 1885 kwa jina la kukomesha utumwa. Lakini mwaka 1904 ilitangazwa taarifa ya Balozi Roger Casement iliyoonyesha ulimwengu mateso ya watu walioshurutishwa kuleta mpira, hata mikono yao ikakatwa. Mwaka 1908 nchi ikatolewa mikononi mwa Leopold, ikawa chini ya dola ya Ubelgiji. Basi mwizi mdogo aliajiriwa na mwizi mkubwa, na kati yao kulikuwa na mkataba uliotiwa sahihi. Mhuri haugeuzi dhuluma kuwa haki. Huifanya iwe na nambari tu.

Na mwisho wa ukubwa ule ulikuwaje? Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890. Vita ya Wabelgiji na watu wake ikaja baadaye, na mwanawe Sefu akauawa mwaka 1893. Nchi iliyopatikana kwa hadithi ikatoweka kama hadithi. Alibaki Unguja na nyumba yake, ambayo ingaliko Mji Mkongwe, na kumbukumbu zake.

Sasa niieleze ile sababu ya pili. Miaka kadha iliyopita, nilipokuwa karani kijana katika ofisi moja ambayo sitaitaja, alinijia mtu mwenye maneno matamu akasema yeye ni mjukuu wa mzee fulani aliyefariki, na ndiye mrithi wa mgomba wake. Alitaja majina ya mababu mmoja mmoja bila kukwama. Ilikuwa jioni, nami nilitaka kufunga ofisi. Nikamwandikia barua ya kumtambulisha, nikaipiga mhuri. Kumbe mgomba ule ulikuwa ukilimwa na mjane wa marehemu, na kwa nguvu ya barua yangu akaondolewa. Majirani walipokuja kushuhudia kuwa mtu yule hakuwa wa ukoo ule, misimu miwili ilikuwa imekwisha kupita. Nilikwenda mwenyewe kumwomba mama yule radhi. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mbona hukuniuliza?"

Tangu siku ile kila niisomapo habari ya Utetera sijioni upande wa Kasongo Rushie, aliyedanganywa. Naona kuwa kila Tippu Tip huhitaji mtu wa kuandika ukoo wake, na mtu huyo aghalabu ni karani aliyechoka, atakaye kwenda nyumbani. Kwetu sisi tamaa haiji na bunduki. Huja na karatasi tupu, na mgeni mwenye haraka, na pengine na bahasha chini ya kofia. Tamaa yangu siku ile haikuwa hata ya fedha; ilikuwa tamaa ya kupumzika, nayo ilitosha kumtoa mjane shambani.

Kwa hiyo naleta shauri mbele yenu. Mtu akija kudai ukoo, shamba au haki ya marehemu, asiandikiwe neno kabla hajaitwa yule anayekaa mahali penyewe, pamoja na majirani wawili wasio wa upande wake. Jambo hilo halihitaji sheria mpya. Lahitaji saa moja zaidi ofisini. Na shauri la pili ni dogo: chama chetu kitafute nakala ya kitabu hiki, tukisome kwa zamu, na kila asomaye awe na kalamu ya risasi, ili kila mwandishi anapohesabu pembe, yeye aandike pembeni: na watu walikuwa wangapi?

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Mkiona nimekosa, mniulize sasa, maana mimi nimekwisha kujifunza faida ya kuulizwa.