Fedha ya Korosho Inunue Dawa ya Masika
(Hotuba kwa wanachama wa Masasi na Newala)



Sikuja kuwachosheni kwa maneno mengi. Nataka tuzungumze jambo moja tu: fedha za kutibia watu wa vijijini zinatoka wapi, nani huzitunza, na sisi tuna haki gani juu yake.

Mkulima wa hapa, awe wa Masasi au wa Newala juu uwandani, hupata fedha kubwa mara moja kwa mwaka, korosho zinapouzwa. Lakini ugonjwa haungoji mnada. Malaria hutukamata wakati wa mvua, na wakati huo mfuko ni mtupu. Hapo ndipo mtu huuza mbuzi, hukopa, au humwacha mtoto alale na homa kwa kuwa hana cha kulipa. Je, ndugu zangu, huu ni utu?

Njia ni kuchanga mapema, wakati fedha ipo. Mwaka 1996 ndugu zetu wa Igunga, mkoani Tabora, walikuwa wa kwanza kuanza Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya ilitoa shilingi 5,000 kwa mwaka, ikatibiwa zahanati bila kulipa tena. Na kwa kila shilingi waliyochanga, serikali iliongeza nyingine. Mpango huo ukajulikana kwa jina la tele kwa tele. Fanyeni hesabu: kaya 100 zikichanga, ni shilingi 500,000, ikija tele, ni 1,000,000. Hiyo ni dawa, ni vifaa, ni bati la zahanati.

Mwaka 2001 Bunge lilitunga sheria, mfuko ukaenea wilaya nyingine. Sheria ile iliruhusu asiye na uwezo asamehewe mchango, kwa mapendekezo ya serikali ya kijiji chake. Mwaka 2009 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kwa makato ya mishahara ya watumishi wa serikali, ulikabidhiwa usimamizi wa mifuko hii ya wilaya, na tele ikapitia kwake.

Sasa tuambizane kweli. Mbona mfuko haukusitawi kama ilivyotazamiwa? Wengi walingoja waugue ndipo wajiunge. Wengine walilipa, wakafika zahanati wakaambiwa dawa hakuna, wakakata tamaa. Watu walipopungua, fedha zilipungua. Fedha zilipopungua, dawa nazo zikapungua zaidi. Tena, tele haikuja yenyewe. Halmashauri ilitakiwa kuiomba kwa hesabu za michango. Pasipo hesabu, fedha iliyokuwa haki ya wananchi haikuwafikia. Mali bila daftari huisha bila habari.

Mwezi Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Majina ya mifuko hubadilika. Kazi yetu haibadiliki, nayo ni hii.

Kwanza, fedha ya korosho ikiingia, mchango wa afya utengwe kabla ya pikipiki na kabla ya ngoma. Tulizungumze katika vyama vyetu vya msingi, tuchange pamoja, wazima na wagonjwa.

Pili, katika mkutano mkuu wa kijiji tuulize kwa heshima, lakini tuulize: Kaya ngapi zimelipa? Fedha kiasi gani imerudi zahanati yetu? Imenunua nini? Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya watu wote.

Tatu, majina ya wajane na wazee wasiojiweza yapelekwe mapema, wala si siku ya kuugua.

Ndugu zangu, aliyechanga si mwombaji. Akisimama dirishani pa zahanati anadai chake. Lakini haki isiyodaiwa hulala, na ikilala, mtoto wa jirani ndiye anayekosa dawa. Twendeni tukachange, kisha twende tukaulize.