Sikio Linalotoa Usaha Lisizoeleke

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wanafunzi wauguzi, Njisi, Kyela



Katika vijiji vyetu mtoto anayetoa usaha sikioni amezoeleka. Nyumbani husemwa, "Ataacha akikua." Shuleni huitwa mzito au mkaidi, kumbe hasikii. Naomba leo tukubaliane jambo moja: usaha sikioni ni ugonjwa, nao unatibika. Ukiachwa, humnyima mtoto usikivu na masomo.

Sikio lina sehemu tatu. Sikio la nje hupokea sauti na kuifikisha kwenye ngoma ya sikio. Sikio la kati lina mifupa midogo mitatu: nyundo, fuawe na kikuku, ambayo hupeleka mtetemo ndani. Sikio la ndani, lenye sehemu iliyojiviringa kama konokono, hugeuza mtetemo huo kuwa taarifa za kwenda kwenye ubongo.

Sikio la kati limeunganishwa na koo kwa mrija. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala, hivyo maambukizi ya mafua hupanda kwa urahisi. Usaha hujaa na ngoma hutoboka.

Mama akija kliniki, muulizeni usaha umetoka siku ngapi. Ukiwa chini ya siku 14, ni maambukizi ya ghafla. Siku 14 au zaidi, ni sugu. Kisha mguseni mtoto nyuma ya sikio. Pakiwa na uvimbe wenye maumivu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Pamoja na dawa atakazoandikiwa, sikio likaushwe mara tatu kwa siku. Sokoteni kitambaa safi cha pamba kiwe kama utambi, kiwekeni sikioni, mkibadilishe kikilowa, hadi kitoke kikavu. Mafuta, maji ya majani na njiti za kiberiti visiingizwe. Mtoto asiogelee ziwani wala mtoni hadi apone.

Kupima usikivu si lazima kusubiri mashine. Simameni nyuma ya mtoto, umbali wa mkono mmoja, sikio moja likiwa limezibwa. Nong'onezeni tarakimu tatu, naye azirudie. Akishindwa, rudieni kwa tarakimu nyingine. Akishindwa tena, apewe rufaa. Kumbukeni pia kuwa nta iliyoziba hupunguza usikivu, na kwamba dawa kama kwinini na jentamisini zaweza kudhuru sikio. Mgonjwa akisema masikio yanavuma, msimpuuze.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilieleza kuwa karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika. Kanisa letu lina Shule ya Viziwi Mwanga, Kilimanjaro, nasi tunashukuru kwa huduma hiyo. Lakini wako watoto ambao wasingefikia kupoteza usikivu kama wangetibiwa mapema.

Kwa hiyo nazisihi kamati: walimu wa Shule ya Jumapili waangalie masikio ya watoto, na familia isiyo na nauli isaidiwe kufika kituo cha afya. Wafadhili wetu, kifaa cha kuchungulia sikio na dawa ya matone katika zahanati ni msaada mkubwa.