Maji ya Kufulia na Udongo wa Shamba



Kuna udongo mkavu ambao maji husimama juu yake kama shanga, kisha hutiririka mtaroni. Chembe zake zimepakwa nta itokanayo na mimea iliyooza. Sabuni hulegeza mvutano wa uso wa maji, yakapenya.

Lakini mkulima asikimbilie beseni la kufulia. Sabuni nyingi za unga zina sodiamu, na kwenye udongo wa mfinyanzi, hasa ule mweusi, sodiamu ikizidi hutawanya chembe, zikaziba njia za maji. Mvua ikija, shamba hugeuka dimbwi.

Kwanza adondoshe matone ya maji safi juu ya udongo mkavu. Yakizama kabla ya sekunde 5, udongo huo hauhitaji sabuni yoyote.