Mwacheni Dende Akimbie



Leo ninasema na wafugaji wa dende wa Kasongo na Kabambare. Wapo wanaomwita kobayi, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ndugu zetu humwita simbilisi. Ninasema hasa na watoto na wamama, maana katika nyumba nyingi mnyama huyu ni mali yao. Mbuzi akiuzwa ni shauri la baba na wazee. Dende akiuzwa, mama ananunua chumvi na sabuni, mtoto anapata daftari, wala hakuna kikao cha ukoo. Haja yangu ni moja: dende ameumbwa akimbie, nasi wengi wetu tumemfunga.

Sababu ya kumfunga ninaifahamu na siidharau. Tangu vita vya miaka ya 1990, mbuzi na ng'ombe wengi wa mashariki mwa Kongo wameswagwa na watu wenye bunduki. Dende alisalia. Hasikiki mpaka barabarani, hachungwi malishoni, na familia ikikimbia anaingia kikapuni. Watafiti wa kituo cha kilimo cha CIAT na wenzao wa vyuo vikuu vya Kongo waliandika mwaka 2012 jinsi mnyama huyu alivyotoka kuwa mwiko kwa baadhi ya watu hadi kuwa bidhaa ya sokoni. Watu wa Salamabila, kule Kabambare, hawahitaji kuelezwa maana ya kutoka nyumbani usiku na kile tu ambacho mikono inaweza kubeba. Kwa hiyo tulijifunza kumficha: katoni chini ya kitanda, kikapu kilichotundikwa juu, sanduku la mbao lisilompa hata nafasi ya kugeuka. Taabu ni kwamba siku za hatari zilipopita, wengi waliendelea kumweka mle mle, miezi na miezi.

Tumtazame mnyama mwenyewe. Jike hubeba mimba zaidi ya miezi miwili, siku 60 na kitu hadi 70, wakati sungura huzaa baada ya mwezi tu. Mtoto wa dende hutoka tumboni na manyoya yake, macho wazi, meno tayari, na siku hiyo hiyo anakimbia nyuma ya mama yake. Akiwa na siku chache anatafuna majani. Mkiwapa nafasi alfajiri, mtawaona watoto hao wakiruka juu ghafla, miguu yote minne hewani, wakijipinda na kutua wakielekea upande mwingine. Wakubwa nao hufanya hivyo wakifurahi. Kisha watapita mmoja nyuma ya mwingine kando ya ukuta, mbio, hadi kwenye kona yenye giza, wasimame, wasikilize, warudi. Mnyama wa namna hiyo ndiye tunayemweka kwenye katoni ya sabuni.

Madhara huanzia kwenye nyayo. Dende ana vidole vinne mguu wa mbele na vitatu wa nyuma, na nyayo zake hazina manyoya. Akikaa siku nzima mahali pamoja, juu ya mbao zilizolowa mkojo au wavu wa waya, ngozi ya nyayo huwa nyekundu, halafu inavimba, halafu inapasuka na kuoza. Mgeuzeni taratibu, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mtazame. Msimshike shingoni, wala msiache aanguke, mifupa yake huvunjika upesi. Kucha zisizosugua ardhi hurefuka na kujikunja hadi mnyama anakanyaga vibaya. Na jike aliyenona kupita kiasi kwa sababu hatembei anaweza kufa siku za mwisho za mimba au mara tu baada ya kuzaa, akaondoka na watoto wote. Mfugaji husema amerogwa au amelishwa sumu. Mara nyingi ni unene na kufungwa.

Lakini kuna jambo jingine, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Dende asiyetaka kutembea si lazima awe mvivu. Mwili wake, kama wetu sisi binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Akiikosa kwa majuma machache anapata kiseyeye: viungo vinavimba, magoti yanauma, miguu ya nyuma inakakamaa, anajikunja pembeni na kulia akiguswa. Kumfukuza mnyama huyo ili afanye mazoezi ni kumtesa. Mpeni kwanza chakula. Anahitaji takriban miligramu 10 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, na jike mwenye mimba hadi 30. Sisi tuna mapera, na pera lina vitamini hiyo kwa wingi sana. Tuna matembele, tuna lengalenga, tuna maganda ya machungwa yanayotupwa barazani. Vyote viwe vibichi na visafi, maana majani yakikaushwa vitamini hiyo hupotea. Sombe mbichi msimpe, ina sumu, na majani ya avoka vilevile. Ndani ya siku chache mtaona kama miguu inafunguka. Isipofunguka, mpelekeni kwa veterineri.

Sasa mahali pa kukimbilia. Peru, ambako watu wamemfuga mnyama huyu kwa maelfu ya miaka, wafugaji wengi hutumia vizimba vya sakafuni vyenye urefu wa mita 1.5 na upana wa mita 1, ukuta wa sentimita 45, wakiweka majike 7 hadi 10 na dume mmoja. Ukuta huo mfupi unatosha kwa sababu dende hapandi wala haruki vizuizi, na hachimbi mashimo kama sungura. Kwa maoni yangu, sisi tunaofuga wachache nyumbani tusiwabane kiasi hicho. Nafasi ile ile iwe ya majike watatu au wanne na dume wao, na hapo kweli watakimbia. Matete tunayo, mianzi tunayo, kamba za porini zipo. Uzio unaweza kuwa ndani ya nyumba au nyuma ya jiko, mahali ambapo mpita njia haoni kitu. Chini tandazeni nyasi kavu za mpunga. Kasongo inalima mpunga tangu siku za mfanyabiashara Tippu Tip na watu wake, na baada ya kuvuna nyasi hizo huchomwa bure. Zikilowa, badilisheni, hasa wakati wa mvua.

Uzio mtupu, hata uwe mkubwa, haumfanyi dende akimbie. Anaogopa uwanja ulio wazi, atabaki kwenye kona. Anakimbia akiwa na mahali pa kukimbilia. Wekeni chungu kilichovunjika upande huu, nusu ya bidoni iliyokatwa upande ule, kila maficho yawe na milango miwili ili mnyonge asifungiwe ndani na mwenye nguvu. Majani msiyarundike mahali pamoja, gawanyeni, mengine huku, mengine kule, machache yaning'inizwe juu kidogo ili anyooshe shingo na miguu. Maji mbali na chakula. Kwa mpango huo peke yake, mnyama anatembea kutwa bila mtu kumsukuma.

Na msimweke peke yake. Dende mmoja hukaa kimya, wawili hufuatana. Uswisi imeweka jambo hilo katika kanuni zake za kulinda wanyama tangu mwaka 2008: dende lazima awe na mwenzake. Madume wawili wakubwa mbele ya majike watapigana, kwa hiyo ni dume mmoja na majike wake. Ughaibuni pia huuzwa magurudumu ya wanyama wadogo kukimbilia ndani. Hayamfai dende, mgongo wake haujipindi kama wa panya na utaumia.

Saa nzuri ni alfajiri na jua linapozama, ndipo yeye mwenyewe huamka kwa nguvu. Mchana wetu una joto, na joto likipita nyuzi 30 dende anaweza kuanguka na kufa, basi kivuli kwanza. Mkimtoa kwenye nyasi za uani, mtoto mmoja mkubwa akae naye, kwa ajili ya paka, mbwa na mwewe.

Nimesikia hoja ya wazee, kwamba zamani dende waliachwa tu wazunguke jikoni, na walikimbia vizuri. Ni kweli, walikimbia. Lakini walikanyagwa, waliungua motoni, walivuta moshi, panya walikula watoto wao, na kaka alizaa na dada hadi uzao ukadhoofika. Kurudi huko siyo dawa. Uzio wenye nafasi unawapa mbio bila hasara hiyo. Uzungushieni majivu kwa nje, maana siafu wakija usiku, mnyama aliyefungwa hana pa kwenda.

Kwa ndugu waliohama makwao, wanaokaa kwa jamaa au kwenye vibanda: najua nafasi hamna. Kikapu kibaki karibu na mlango kama usalama wenu unadai hivyo. Ila asubuhi na jioni, fungeni mlango, zibeni mashimo, mmwage majani machache pembe mbili za chumba, mmwachie dende sakafu. Hata muda wa kupika ugali unatosha kumnyoosha miguu.

Wazazi, kazi ya uzio wapeni watoto Jumamosi hii. Matete, kamba na panga moja, na mtu mzima wa kusimamia panga hilo. Kabla jua halijazama dende wenu watakuwa wamehama kutoka kwenye katoni.