Faida au Raha: Kinachotuvuta Kununua na Kuuza Hisa

Mada kwa semina ya viongozi wa vikundi vya uwekezaji, VICOBA na SACCOS



1. Utangulizi

Ukimuuliza mwenye hisa kwa nini alinunua, atakujibu kwa neno moja: faida. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi. Anayetaka faida peke yake angechagua kampuni inayoendeshwa vizuri, akanunua, akapokea gawio kila mwaka na kuendelea na shughuli zake. Asingekuwa na haja ya kufungua simu kila saa kutazama bei, wala ya kuuza Jumanne alichonunua Ijumaa, wala ya kubishana na wenzake usiku kucha kwenye kundi la WhatsApp kuhusu hisa ipi itapanda kesho. Anayefanya hayo anavutwa na kitu kingine juu ya faida, nacho ni raha: msisimko wa kubashiri, fahari ya kupatia, na kuonekana mjuzi mbele ya watu.

Hoja ninayoitetea leo ni hii. Raha si adui wa faida, lakini raha za soko la hisa ziko mbili na hazifanani. Ya kwanza ni raha ya kuchezea bei, ambayo gharama yake hukatwa kwenye faida yenyewe. Ya pili ni raha ya kumiliki, ambayo hukua kadiri faida inavyokua. Sisi tunaoongoza vikundi tuna wajibu wa kuzitenganisha raha hizi, kuzipima na kuilea ile ya pili.

2. Waliopima wamekuta nini

Watafiti wa Marekani Brad Barber na Terrance Odean walichunguza akaunti za kaya 66,465 zilizokuwa zikinunua na kuuza hisa kupitia dalali mmoja kati ya mwaka 1991 na 1996. Katika miaka hiyo soko la Marekani lilipanda kwa wastani wa asilimia 17.9 kwa mwaka. Kaya ya kawaida ilipata asilimia 16.4. Kaya zilizokuwa zikinunua na kuuza mara nyingi kuliko zote ziliambulia asilimia 11.4. Soko ni lile lile na miaka ni ile ile, lakini aliyeshughulika sana alipata kidogo kuliko aliyetulia. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilimezwa na gharama za kununua na kuuza.

Mwaka 2001 watafiti hao wakalinganisha wanaume na wanawake. Wanaume walinunua na kuuza kwa asilimia 45 zaidi ya wanawake, na kwa kufanya hivyo walijipunguzia pato lao kwa pointi 2.65 za asilimia kwa mwaka. Wanawake walijipunguzia pointi 1.72. Maelezo yao ni kwamba wanaume hujiamini kupita kiasi katika mambo ya fedha. Viongozi wa VICOBA hawatashangaa, maana vikundi vingi vyetu vimesimama kwa uvumilivu wa kina mama.

Huko Taiwan hesabu ilifanywa kwa nchi nzima. Kati ya 1995 na 1999, hasara waliyojitia wawekezaji binafsi kwa kununua na kuuza ililingana na asilimia 2.2 ya pato la taifa kila mwaka. Nchini Brazili watafiti waliwafuatilia watu walioanza, kati ya 2013 na 2015, kununua na kuuza mikataba ya bei za hisa ndani ya siku hiyo hiyo. Wale walioendelea kwa zaidi ya siku 300 za soko, asilimia 97 yao walipata hasara. Waliopata zaidi ya kima cha chini cha mshahara wa nchi hiyo walikuwa asilimia 1.1 tu.

Mfanyabiashara wa mitumba akiona biashara haimlipi, huibadilisha au huiacha. Kwa nini hawa wanaendelea?

3. Dalili za raha

Majibu yametoka sehemu tatu tofauti, na yote yanaelekea upande mmoja.

Ujerumani, Daniel Dorn na Paul Sengmueller waliwahoji wateja zaidi ya 1,000 wa dalali mmoja wa hisa, kisha wakalinganisha majibu na kumbukumbu za akaunti zao. Waliokiri kwamba wanafurahia kuwekeza au kucheza kamari walibadilisha hisa zao kwa kasi mara mbili ya wenzao. Ufini, Mark Grinblatt na Matti Keloharju waliunganisha kumbukumbu za soko la hisa na kumbukumbu za faini za mwendo kasi barabarani. Waliokuwa na faini nyingi ndio pia waliokuwa wakinunua na kuuza hisa mara nyingi. Mtu anayependa msisimko huutafuta popote, iwe kwenye usukani au kwenye soko. Na huko Taiwan tena, ilionekana kwamba bahati nasibu inapofikisha zawadi kubwa mno, wawekezaji wadogo hupunguza kununua na kuuza hisa. Kama hisa na bahati nasibu vinaweza kupokezana nafasi ndani ya mfuko wa mtu mmoja, basi kwa mtu huyo vinafanya kazi moja.

Wanaotengeneza programu za simu wanalijua jambo hili. Robinhood, programu ya Marekani ya kununua na kuuza hisa, ilikuwa ikirusha vipande vya karatasi za rangi kwenye skrini, kama vile kwenye sherehe, mteja anapofanya jambo jipya. Ililaumiwa kwamba inageuza uwekezaji kuwa mchezo, ikayaondoa mapambo hayo mwaka 2021.

Sisi hatuko mbali na mambo haya. Vijana wengi wa Dar es Salaam na Nairobi wamejifunza kubashiri kupitia mechi za mpira kabla hawajasikia habari za gawio. Wanaijua ladha ya mkeka unaosubiri timu moja tu. Kijana huyo akifunguliwa akaunti ya hisa bila kufundishwa, ataitumia kwa namna anayoijua.

4. Hisa moja, nia mbili: Safaricom

Mwaka 2006 Serikali ya Kenya iliuza hisa za kampuni ya umeme ya KenGen kwa umma kwa shilingi 11.90 za Kenya. Zilipoingia sokoni, bei ikapanda zaidi ya mara tatu siku za mwanzo. Habari ilienea matatu kwa matatu. Kwa hiyo mwaka 2008, hisa bilioni 10 za kampuni ya simu ya Safaricom zilipotangazwa kwa shilingi 5, zaidi ya watu laki nane waliomba. Wengine walikopa. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo, watu wakapewa sehemu tu ya walichoomba na kurudishiwa fedha iliyobaki.

Biashara ya hisa hizo ilianza Juni 9, 2008. Bei ilipanda juu ya shilingi 7, lakini kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya 5, na mwanzoni mwa 2009 ikashuka zaidi. Waliokuwa wameingia kwa mkopo wakitegemea kuuza haraka, kisha wakasubiri bei ipande zaidi, walijikuta wanadaiwa. Wengi waliuza kwa hasara na kuapa kutorudi sokoni.

Sasa mfuateni mtu mwingine aliyenunua siku ile ile kwa bei ile ile, akakaa nazo. Alipokea gawio mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2021 hisa aliyoinunua kwa shilingi 5 ilivuka shilingi 40. Mwaka 2023 ilishuka tena chini ya 15, nayo bado ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei aliyolipa. Wote wawili wangekwambia wanatafuta faida. Lakini mmoja alifuata shamrashamra za KenGen akitaka kuionja furaha ile tena, na mwingine alijinunulia sehemu ya kampuni. Kwa hiyo tusiishie kumuuliza mtu anataka nini. Tuangalie anafanya nini bei inaposhuka.

5. Soko la taratibu na thawabu zake

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998 na kampuni moja, TOL. Kwa muda mrefu limekuwa soko la taratibu. Zipo hisa ambazo hupita siku nyingi bila bei kusogea, na wauzaji wakubwa ni wachache. Anayetaka msisimko huchoka nalo mapema, akaenda kwenye mechi au kwenye biashara ya fedha za kigeni mtandaoni.

Lakini tazameni kilichotokea kwa waliovumilia. Hisa za benki ya NMB ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600 za Tanzania. Kuna vipindi virefu ambavyo bei yake ilisimama kana kwamba imesahauliwa. Kufikia 2023 ilikuwa imevuka shilingi 4,000, mbali na magawio yaliyolipwa katikati. Benki ya CRDB iliuza hisa zake kwa shilingi 150 mwaka 2009. Miaka kumi baadaye hisa hiyo ilikuwa imeshuka chini ya bei ya kununulia, na waliokata tamaa waliuza. Mwaka 2024 ilivuka shilingi 600. Sisemi kila hisa itafanya hivyo. Zipo zilizowanyonya watu mpaka leo. Ninachosema ni kwamba katika masoko yetu faida kubwa imewafikia wale ambao hawakuhitaji soko liwafurahishe kila siku.

Gharama nazo zinamwadhibu mwenye haraka. Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme ada zote za kununua ni asilimia 2, na za kuuza asilimia 2. Mwenye mtaji wa shilingi milioni 1 anayenunua na kukaa hulipa shilingi 20,000 mara moja. Anayezungusha mtaji huo mara nne kwa mwaka hulipa takriban shilingi 160,000. Ni lazima hisa zake zipande takriban asilimia 16 ili arudi pale alipoanzia. Shilingi hizo 160,000 ndizo kiingilio cha raha yake, nazo hukatwa kidogo kidogo bila yeye kuombwa kiingilio mlangoni.

6. Raha ya kumiliki

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba watu wafundishwe kuwekeza kwa nyuso zilizonuna. Mtu hadumu kwenye jambo lisilompa furaha. Ipo furaha ya kuingia kwenye mkutano mkuu wa mwaka na kumuuliza mwenyekiti wa bodi kwa nini gawio limepungua, naye akalazimika kujibu. Ipo furaha ya kikundi kusoma taarifa ya hesabu kwa pamoja mpaka fundi cherehani na mwalimu mstaafu wote waelewe tofauti ya mapato na faida. Ipo furaha ya kumnunulia mtoto hisa na kumwonyesha jina lake. Furaha hizi hazihitaji kuuza kitu. Kadiri mtu anavyokaa na hisa zake ndivyo zinavyoongezeka.

7. Mapendekezo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mapendekezo yangu yote yamesimama hapo.

*Kwanza*, kila mwanachama aandike sababu ya kununua kabla ya kununua, na mazingira ambayo yatamfanya auze. Sababu ikiwa ni "wote wananunua", kikundi kimwambie asubiri hadi mkutano ujao.

*Pili*, kila Desemba kikundi kipige hesabu: mtaji umekua kwa asilimia ngapi baada ya kutoa ada zote? Kilinganishe na fahirisi ya soko, au na mfuko wa pamoja kama Umoja wa UTT, ambao umekuwepo tangu 2005. Kikiwa nyuma mwaka hadi mwaka, kijue kwamba tofauti hiyo ndiyo bei ya raha, kisha kiamue kwa kauli moja kama kinataka kuendelea kuilipa.

*Tatu*, anayependa kubashiri asifukuzwe wala asidhihakiwe. Atengewe kiasi kidogo, kisichotokana na mkopo wala ada ya shule, na kikiisha kisijazwe tena mpaka mwaka mwingine.

*Nne*, madalali na watengenezaji wa programu za simu waonyeshe kila mteja, kwa shilingi, jumla ya ada alizolipa tangu mwaka uanze. Bei ya leo inayowaka kijani na nyekundu inachochea vidole. Jumla ya ada inachochea fikra.

*Tano*, mashindano ya uwekezaji kwa wanafunzi yasimtuze tu aliyepata faida kubwa ndani ya miezi michache, kwa sababu njia rahisi ya kushinda shindano la aina hiyo ni kubahatisha. Atuzwe pia aliyeeleza vizuri kwa nini alichagua kampuni fulani, hata kama bei yake haijasogea.

8. Hitimisho

Watu huingia soko la hisa kwa faida na kwa raha, na mara nyingi hawajui ni kipi kinachowaongoza siku hiyo. Atakayewasaidia kujua ni kikundi chenye daftari na wenzao wasioogopa kuuliza. Naomba tujadili mambo matatu. Je, ni wangapi kati yetu wanaoweza kusema leo ada walizolipa mwaka jana? Je, kikundi chako kina utaratibu gani kwa mwanachama anayetaka kuuza kwa hofu? Na je, ni kitu gani kinachoweza kumfanya kijana anayebeti kila Jumamosi aone fahari ya kuhudhuria mkutano wa wanahisa?